Ukungu wa ukutani si uchafu wa mama: tutafute maji, kisha tuseme kwa maandishi



Mvua imerudi juu ya milima yetu ya Bukavu, na katika mikutano ya vikundi limerudi swali la kila mwaka. Mama anangoja wenzake wamalize hesabu ya AVEC, kisha anasema kwa sauti ya chini: kwetu ukuta umeanza tena kuota. Madoa meusi nyuma ya kabati. Harufu ya kuoza katika nguo za watoto. Matela inayolowa upande wa ukuta. Na mtoto anayekohoa usiku kucha.

Kwa nini sauti ya chini? Kwa sababu wengi wetu tumeambiwa kwamba ukungu ni alama ya mwanamke asiyejua kutunza nyumba. Mwenye nyumba anasema, "Mpangaji aliyekutangulia hakulalamika." Shemeji anakuja kutembea, anaangalia pembe ya salon na kunyamaza. Basi mama anafunika ukuta kwa rido, ananyamaza naye, na ukungu unaendelea kukua nyuma ya rido.

Juma hii tunataka kuondoa haya hiyo. Ukungu ni alama ya maji. Mahali ulipo, kuna maji yaliyopata njia ya kuingia na hayakupata njia ya kutoka. Mwenye kujua njia ya maji anajua pia nani anapaswa kuyazuia: yeye mwenyewe, mwenye nyumba, ao jirani wa juu. Na mwenye kusema kwa maandishi, pamoja na wenzake, anasikiwa kuliko anayelia peke yake.

Ukungu unatoka wapi

Ukungu ni kiumbe chenye uhai, ndugu ya uyoga. Mbegu zake ni ndogo sana, jicho halizioni, na ziko kila mahali: sokoni, kanisani, barabarani, katika nyumba ya tajiri na ya maskini. Haziombi chakula kingi. Mbao, karatasi, rangi ya ukuta, nguo, vumbi kidogo tu, zinatosheka. Kitu kimoja tu zinakingoja: maji. Mahali palipolowa pakikauka ndani ya siku moja ao mbili, kwa kawaida ukungu haupati nafasi. Pakibaki na maji zaidi ya hapo, unaota.

Ndiyo maana mama anayefagia asubuhi na jioni anaweza kupata ukungu, na jirani yake asiyefagia akaukosa. Tofauti ni ukuta, paa na udongo, si ufagio.

Na mji wetu una sababu zake. Tunaishi karibu mita 1,500 juu ya bahari, usiku kuna baridi. Mvua inaanza mwezi wa tisa na haituachi kabisa mpaka mwezi wa tano. Udongo wetu ni wa mfinyanzi, unashika maji kwa muda mrefu. Na katika Kadutu, Bagira na sehemu nyingi za Ibanda, nyumba zimepandana juu ya mlima: ili kupata uwanja wa kujenga, mtu anachimba mlima, na ukuta wa nyuma unabaki umeegemea udongo. Nyumba ya namna hiyo ni kama sahani iliyowekwa chini ya bomba.

Kwa nini tusinyamaze

Mwaka 2009 Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitoa mwongozo mzima kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba. Unasema wazi kwamba wanaoishi katika nyumba zenye unyevu wanapata zaidi magonjwa ya njia ya hewa: kikohozi, kifua kupiga filimbi, pumu, mafua yasiyoisha. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, wazee, wenye pumu, na wale ambao mwili wao umedhoofishwa na ugonjwa mwingine.

Jambo hili si la nchi maskini peke yake. Huko Uingereza, katika mji wa Rochdale, mtoto aitwaye Awaab Ishak alikufa mwezi wa 12 mwaka 2020, alipokuwa tu ametimiza miaka 2. Baba yake alikuwa ameripoti ukungu katika nyumba yao ya kupanga miaka mitatu mbele. Aliambiwa apake rangi juu yake. Mwaka 2022 uchunguzi wa kisheria ulitangaza kwamba mtoto aliuawa na ugonjwa wa njia ya hewa uliotokana na ukungu wa nyumba, na mwaka 2023 bunge la nchi hiyo likapitisha sheria inayobeba jina lake. Tunaisimulia kwa sababu moja: familia ile pia iliambiwa kwamba kosa ni namna yao ya kuishi.

Angalia hivi kwa mtoto wako. Kama anakohoa zaidi usiku na asubuhi, kama macho yanamwasha, kama anapona anapolala kwa bibi yake na kuugua tena anaporudi, chumba chake kinahusika. Mwambie muuguzi jambo hilo, maana yeye hauoni ukuta wako.

Lakini tuangalie, tusije tukausingizia ukungu kila kikohozi. Kikohozi kinachopita majuma 2 kinaomba kipimo cha kifua kikuu. Na mtoto anayepumua haraka asingoje: mhesabie pumzi kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 anayefikisha pumzi 50, ao wa mwaka 1 mpaka 5 anayefikisha 40, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Vilevile yule ambaye kifua chake kinaingia ndani anapovuta hewa, ao anayekataa kunyonya na kunywa: huyo ni wa kukimbiza mara moja, hata usiku.

Kuna hatari nyingine tunayoisahau: mfuko wa unga, wa mahindi ao wa karanga uliowekwa chini, ukigusa ukuta. Chakula kinachoota ukungu kinaweza kubeba sumu iitwayo aflatoksini, ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Nchini Kenya, mwaka 2004, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, yaliyokuwa yamehifadhiwa na unyevu. Mfuko ukae juu ya mbao, mbali na ukuta. Karanga zenye rangi ya kijani ao nyeusi zisichaguliwe na kusagwa. Zitupwe, na kuku pia wasipewe.

Njia nne za maji

Kabla ya kulalamika, tujue tunalalamikia nini. Chukua kalamu, zunguka kila doa, andika tarehe pembeni yake. Baada ya mvua kubwa, angalia kama doa limepita mstari. Ukuta wenyewe utasema.

*Maji ya juu.* Doa liko kwenye plafon ao kwenye sehemu ya juu ya ukuta, lina rangi ya chai, na linakua mara mvua inaponyesha. Mara nyingi ni tundu la musumari uliolegea, bati lililooza, ao mahali bati moja linapokutana na lingine. Wakati wa jua, ingia chumbani, funga mlango na dirisha, tazama juu: nuru inapopita, maji nayo yatapita.

*Maji ya nyuma.* Hii ndiyo ya Bukavu. Ukuta unaoegemea mlima unalowa kutoka katikati, na unabaki umelowa hata siku tatu baada ya mvua kukatika. Wakati mwingine maji si ya mvua, ni ya jirani wa juu: maji ya kufua, ya kuoga, ao ya choo, yanayoachwa yateremke katika parseli yako. Ukisikia harufu ya sabuni ao ya choo ukutani, umepata jibu. Na hapa tuseme kwa nguvu: ukuta wa nyuma ukianza kuvimba, ukipasuka mpasuko unaopanuka, ao milango ikianza kukataa kufunga wakati wa mvua, hilo si jambo la ukungu tena. Toa watoto katika chumba hicho usiku huohuo. Mji wetu umekwisha kuzika watu wengi waliolala chini ya ukuta wa namna hiyo.

*Maji ya chini.* Unyevu unapanda kutoka kwenye msingi kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa. Doa linafanya mstari mrefu chini ya ukuta, linaweza kufika kiunoni, na linaacha unga mweupe kama chumvi. Rangi inabanduka. Sababu yake ni nyumba iliyojengwa bila kitu cha kuzuia maji kati ya msingi na ukuta, ao uwanja ulioinuka kuliko sakafu, ao kanivo iliyoziba mbele ya mlango.

*Maji ya ndani.* Haya ni yetu. Kila pumzi ina maji. Sufuria ya maharagwe inayotokota saa tatu, nguo zinazoanikwa chumbani kwa sababu nje kuna mvua, watu saba katika chumba cha dirisha moja: mvuke wote huo unatafuta mahali pa baridi pa kukaa. Unakaa kwenye pembe, nyuma ya kabati, chini ya matela, kwenye kioo. Alama yake ni vidoa vidogo vyeusi vilivyotawanyika, na ukuta unaotoa jasho asubuhi hata kama mvua haikunyesha.

Kuna kipimo rahisi cha kutofautisha. Kata kipande cha plastiki safi, cha upana wa nusu mita. Pangusa ukuta ukauke, bandika plastiki kwa skochi pande zote nne bila kuacha hewa, uache siku mbili. Maji yakionekana upande wa chumba, ni mvuke wa ndani. Yakionekana upande wa ukuta, chini ya plastiki, yanatoka ndani ya ukuta. Piga picha. Kipimo hicho kimoja kinaweza kumaliza mabishano ya mwaka mzima.

Kazi ya nani?

Sheria ya nchi yetu kuhusu kupanga haikuanza jana. Kitabu cha sheria kuhusu mikataba, ambacho ni cha mwaka 1888, kinamtaka mwenye nyumba akabizi nyumba iliyo katika hali nzuri na aitunze iweze kutumika kwa kazi iliyopangiwa. Matengenezo madogo ya kila siku ni ya mpangaji: kioo alichovunja, kitasa alichoharibu. Paa, msingi, ukuta na kanivo ya maji ni mambo ya mwenye nyumba. Kisha ikaja sheria namba 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015, ambayo inahusu nyumba za kuishi. Kati ya mambo mengine, inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi 3. Tunajua wote kwamba wengi wanaombwa zaidi. Ndiyo sababu ya kuijua.

Kwa hiyo maji ya juu, ya nyuma na ya chini, mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuyazuia. Maji ya ndani tunayagawana: sisi tufungue dirisha, lakini yeye atoe dirisha linalofunguka. Chumba kisicho na dirisha, ao ambacho dirisha lake limepigiliwa misumari, hakiwezi kukauka kwa ufagio.

Namna ya kusema na mwenye nyumba

Wamama wengi wanaogopa neno moja: "Kama nyumba haikupendezi, toka." Woga huo si wa bure. Ndiyo maana namna ya kusema ina maana kubwa kama neno lenyewe.

Kwanza, mwite aone. Usianze na hasira, anza na heshima: "Papa, tunakuomba ukuje uone ukuta wa chumba cha watoto. Kama haukutengenezwa, nyumba yako itaharibika." Hiyo ni kweli, na inamgusa. Maji yanayoharibu kifua cha mtoto wako yanaoza pia mbao za nyumba yake na kula msingi wake. Wenye nyumba wengi hawajui hali ya nyumba yao. Wanakutana nayo siku ya kupokea feza, mlangoni.

Pili, baada ya maongezi, andika. Barua haihitaji Kifaransa. Kiswahili ni lugha ya taifa katika Katiba yetu. Inaweza kuwa fupi hivi:

"Bukavu, tarehe … Kwa Papa (ao Mama) mwenye nyumba. Salamu. Mimi mpangaji wako wa avenyu … ninakujulisha kwamba tangu tarehe … maji yanaingia katika chumba cha … kupitia … Ukuta umelowa kwa urefu wa … na umeota ukungu. Watoto wangu wanakohoa. Tulikuonyesha tarehe … Ninakuomba utengeneze kabla ya tarehe … Niko tayari kufungua mlango kwa mafundi siku utakayochagua. Ahsante."

Andika nakala mbili. Yeye anabaki na moja, wewe unabaki na nyingine aliyotia sahihi na tarehe kwamba ameipokea. Akikataa kutia sahihi, peleka ukiwa na mashahidi wawili, nao watie sahihi zao kwenye nakala yako. Pamoja na barua, tunza picha za madoa yenye mistari ya kalamu, na karatasi za kituo cha afya.

Tatu, kama majuma yanapita bila jibu, panda ngazi moja moja: shefu wa avenyu, shefu wa kartye, kisha ofisi ya Habitat ya komini yako, ambayo kazi yake ni pamoja na kusuluhisha wapangaji na wenye nyumba. Mambo yakishindikana kabisa, kuna Tribunal de Paix. Kila ngazi itakuuliza karatasi. Ndiyo maana barua ile ya kwanza ina thamani kuliko kelele za mwaka mzima.

Mambo matatu ya kuepuka. Usikatae kulipa nyumba kwa hasira: utampa sababu ya kukutoa, na ukungu hautazungumzwa tena. Usitengeneze paa kwa feza yako bila maandishi: patana kwanza bei, mtie sahihi wote wawili kwamba feza hiyo itakatwa kwenye miezi inayokuja, na utunze risiti za simenti, mabati na fundi. Na usiende peke yako kama unaogopa. Wamama watatu wanaokuja kwa adabu, wamevaa vizuri, na barua mkononi, ni vigumu kuwafungia mlango.

Kama katika parseli mnaishi wapangaji wanne, andikeni barua moja yenye sahihi nne. Mtu mmoja wanamtoa. Nyumba nne hawazitoi kwa siku moja.

Tunayoweza kufanya sisi wenyewe, leo

Hewa. Fungua dirisha na mlango pamoja, dakika kumi ao kumi na tano asubuhi na jioni, ili hewa ipite kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Hata siku ya mawingu. Wakati wa kupika, fungua upande wa jiko na funga mlango wa chumba cha kulala.

Kifuniko. Funika sufuria. Mvuke unaobaki ndani ya sufuria hautafika ukutani, na makala pia yatabaki.

Nafasi. Sogeza kabati na kitanda, vidole vinne ao zaidi kutoka ukutani. Matela isilale moja kwa moja kwenye simenti: mbao chache zenye nafasi kati yake zinatosha kupitisha hewa. Isimamishe kila asubuhi, itoe juani siku jua linapopatikana.

Nguo. Kamua sana, anika chini ya baraza ao penye upepo. Kama lazima ndani, chagua chumba kimoja ambacho hakuna mtoto anayelala, dirisha likiwa wazi.

Kanivo. Toa udongo na majani kila juma. Maji yasisimame karibu na ukuta hata usiku mmoja.

Sasa neno moja kuhusu mbabula, na tunaomba lisomwe kwa sauti katika kila kikundi. Baadhi yetu huingiza mbabula yenye makala chumbani usiku ili kukausha ukuta na kupata joto, kisha hufunga mlango. Makala yanatoa hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa wamelala. Ukuta utakauka kidogo, watoto hawataamka. Mbabula ilale nje.

Kusafisha ukungu bila kuuamsha

Toa watoto nje. Funga kitambaa puani na mdomoni, vaa glavu ao mifuko ya plastiki mikononi. Usipige ukuta kwa ufagio ukiwa mkavu, kwa maana mbegu zitaruka chumba kizima. Lowesha kwanza kwa maji ya sabuni, sugua kwa brosi, pangusa kwa kitambaa, kisha acha dirisha wazi mpaka pakauke kabisa. Vitambaa vifuliwe kwa maji ya moto ao vitupwe.

Javeli inasaidia kwenye karo na simenti laini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ndani ya mbao na udongo haifiki. Inaondoa weusi tu, mzizi unabaki. Na usiichanganye kamwe na siki, na dawa ya choo, wala na dawa nyingine yoyote: mchanganyiko huo unatoa hewa ya sumu.

Ukungu ukipita ukubwa wa mlango, ao ukirudi baada ya majuma mawili, acha kusugua. Kuna maji makubwa nyuma yake, na kazi hiyo ni ya fundi. Vilevile kupaka rangi ya mafuta juu ya ukuta uliolowa ni kuyafungia maji ndani: yatatoka mahali pengine, na rangi itabanduka. Zuia maji, kausha, kisha paka. Kwa ukuta wa udongo ao wa matofali ya zamani, chokaa ni bora kuliko rangi ya mafuta, maana inaacha ukuta upumue.

Kabla ya kutoa garanti

Nyumba huchaguliwa vizuri wakati wa mvua. Ikiwezekana, nenda kuiona siku moja baada ya mvua kubwa, mchana. Uliza ukuta wa nyuma unaegemea nini. Gusa sehemu ya chini ya kuta kwa mkono. Nusa ndani ya kabati na pembeni. Jihadhari na rangi mpya iliyopakwa ukuta mmoja tu. Fungua kila dirisha. Panda kidogo uone jirani wa juu anamwaga maji wapi. Na usione haya kuongea na mama wa nyumba ya pembeni: yeye anajua kwa nini mpangaji wa mwisho aliondoka.

Kisha, siku ya kupokea ufunguo, andikeni pamoja hali ya nyumba, ile wanayoita état des lieux: chumba kwa chumba, kila mpasuko, kila doa, pamoja na picha na sahihi mbili. Siku ya kutoka, karatasi hiyo ndiyo itakayolinda garanti yako. Bila hiyo, ukungu uliouikuta utaitwa ukungu wako.

Kazi ya vikundi juma hii

Tunaomba kila kikundi kifanye mambo matatu. Kwanza, chagueni wamama watatu wa kumsindikiza mwenzao anayekwenda kuona mwenye nyumba. Pili, nunueni daftari moja ambamo mtaandika nyumba zenye maji, tarehe, na jibu lililotolewa. Wakati wa kwenda ofisi ya Habitat, daftari lenye nyumba kumi linaongea kuliko mama mmoja anayelia. Tatu, siku ya salongo, anzeni na kanivo inayopita juu ya nyumba ya mjane ao ya bibi asiye na kijana wa kumsaidia.

Nyumba yenye ukuta unaovimba isingoje daftari wala barua. Mwambieni shefu wa avenyu leo, na jirani mwenye nafasi apokee watoto usiku wa mvua.

Na yule mama anayesema kwa sauti ya chini mwishoni mwa mkutano, mpeni nafasi ya kusema mbele ya AVEC.